Ramani ya bahari: tuwaonyeshe tunapovua, au tunyamaze?

BintiLikoni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni katibu wa BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, ya diko letu tunaposhushia samaki upande wa Likoni, Mombasa. Jumanne tumeletewa barua: Alhamisi hiyo hiyo kuna kikao cha wadau kuhusu mpango wa matumizi ya bahari, twende watu watatu. Imekuja na rasimu nene, Kiingereza kitupu, na ramani. Bandari imo, njia ya meli imo, hoteli zimo. Pale baba anapotega madema, mitego yake ya samaki, pamebaki buluu tupu, utadhani hapajafika mtu.

Wazee wamegawanyika. Wengine wasema tukaonyeshe kila mwamba kwa jina lake. Wengine wasema hasha, mwamba ukishautaja umeugawa, kesho watu wa juya, wavu wa kukokota, wako juu yake. Halafu kuna daftari la mahudhurio. Mara moja tulitia sahihi tukiambiwa ni ya nauli, baadaye tukasikia ati jamii ilikubali. Na siku zenyewe ni za bamvua, maji yanakupwa sana, wavua pweza wote watakuwa mwambani. Nifanyeje?

KijanaWaTudor
Dada, ni chai, mandazi na picha ya pamoja. Wameshaamua hao. Kalale.

MzeeWaMadema
Mwanangu, usilale. Kwanza waulize waliochora ramani walikuja mwezi gani. Wakija Juni, kusi limekaza, watatukuta tumebanana ndani ya mwamba, na huko nje wataandika hakuna mtu. Waje Januari, kaskazi, wahesabu matanga. Bahari yetu ni mbili kwa mwaka, na karatasi ni moja.

Mimi ningechora duara kubwa, si nukta. Ndani yake andika: hapa madema wakati wa kusi, hapa mshipi wakati wa kaskazi, huu ni mlango wa kutokea vyombo. Mlango usiusahau! Ukifungiwa mlango, mwamba wauendea kwa mbawa? Lakini jina la mwamba wa marehemu babangu, hata mkwe wangu simwambii.

WakiliWaMtaani
Naongezea ya sheria. Katiba, kifungu cha 10, yataja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Cha 69 chaitaka serikali ihimize ushiriki huo katika kusimamia mazingira. Kiswahili ni lugha rasmi kwa kifungu cha 7, kwa hiyo kuomba muhtasari wa Kiswahili si kuomba hisani. Takwimu zilizotumika kuchora ramani ziombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016; afisa ana siku 21 za kukujibu.

Daftari: kando ya sahihi andika "nimehudhuria tu", kisha lipige picha. Maoni yapelekeni kwa waraka, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Maneno ya kikaoni hupotea na upepo wa feni.

Na wewe KijanaWaTudor, kawaulize wavuvi wa Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamua kwamba bandari yao ilipangwa bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo, ikaagiza wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

KijanaWaTudor
Fidia baada ya bahari kuchimbwa. Haya, ushindi huo.

WakiliWaMtaani
Ndiyo maana namwambia aende mapema, kabla ya kuchimbwa.

MvitaUghaibuni
Niko Boston. Jimbo hili la Massachusetts lilitunga sheria ya bahari mwaka 2008, mpango ukatoka 2009, na sheria yataka upitiwe upya angalau kila miaka mitano. Hilo ndilo ningeng'ang'ania: ulizeni rasimu yenu itarudi mezani lini. Mstari ukikosewa na hauna siku ya kurudiwa, mtaurithisha wajukuu.

MamaKarangaMtongwe
Mwatajiana miamba na milango, na sisi mama karanga, wakaanga samaki, je? Hao watu watatu wote wa chombo? Samaki hashuki hewani, ashuka mchangani. Ufuo ukichorewa wageni, mimi karai langu naliweka wapi, na huyo tafi wako utamuuzia nani? Katibu, andika na sisi tumo kwenye ramani.

BintiLikoni
Shukran nyote, na mama, samahani, hilo lilinipita kabisa. Tumekaa jana usiku. Tunakwenda: mzee mmoja, mvuvi mmoja wa pweza aliyekubali kukosa bamvua lake, na mama karanga mmoja. Mimi nabaki kuandika waraka. Tumechora maduara kwa misimu miwili, milango mitatu, na sehemu ya ufuo ya kushushia na kukaangia. Wazee wawili bado hawataki mwamba wao uingie hata kwenye duara, nikawaacha, japo naogopa ndio utakaochukuliwa wa kwanza.

Anayejua pa kuchapisha ramani kubwa kwa bei nafuu kabla ya kesho saa nne asubuhi, hata kama ni ng'ambo ya feri, aniambie.