Sumaku inapozaje gesi mpaka iwe kimiminika?

Fundi Kompresa:
Wakuu, naombeni darasa. Mwaka wa kumi na nne huu nashika spana kwenye friji na vyumba vya baridi. Ninachojua mimi, kompresa inakandamiza gesi, gesi inapata moto, moto unatokea kwenye kondensa, halafu gesi ikitanuka inanyonya joto. Juzi kijana wangu wa kazi kanionyesha video ya mashine inayopoza kwa sumaku, eti itageuza hidrojeni kuwa kimiminika. Nimeirudia mara tatu. Sumaku ya mlango wa friji haijawahi kupoza kitu mbele yangu. Hilo joto linapita wapi?

Koili Tatu:
Mkuu, chukua mpira wa kufungia noti, uvute ghafla, ugusishe mdomo wa juu. Una joto. Ushikilie hivyo hivyo upoe, kisha uulegeze na uguse tena: wa baridi. Sasa badala ya mpira weka metali ya gadolini, badala ya mkono weka sumaku. Atomi zake ni visumaku vidogo vinavyotazama ovyo. Ndani ya uga wa sumaku vinajipanga, metali inapata moto; moto huo unaondolewa na maji, hapo ndipo kondensa yako. Ukiichomoa, vinavurugika tena na kunyonya joto.

Niliwahi kukifunga kipande chake waya wa kupimia joto, nikakiingiza katikati ya sumaku za kama tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku). Namba ikapanda karibu digrii 3. Nikachomoa, ikashuka. Kimya kabisa! Nililirudia jambo hilo kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Fundi Kompresa:
Digrii 3? Na hidrojeni inataka −253? Si tutazeeka hapo.

Koili Tatu:
Ndiyo maana hutumii kipande kimoja. Unajaza punje za metali kwenye bomba, kiowevu kinapita kati yake kwenda na kurudi, kila sehemu inaanzia pale jirani yake alipoishia. Mwaka 1976 Brown wa NASA alipata hivyo tofauti ya digrii 47, ila kwa tesla 7. Gadolini yenyewe hufanya vizuri karibu na nyuzi 20 za Selsiasi. Ukishuka huko chini unabadilisha aloi, unaingia kwenye metali nyingine kama holmi, disprosi na erbi, na maji unayaacha maana yangeganda. Kinachozunguka ni gesi ya heli.

Mzee wa Mitungi:
Niongeze la hidrojeni, maana ina ukaidi wake. Ukiipitisha kwenye valvu ikiwa bado juu ya kelvini 200 hivi (karibu −73 za Selsiasi), inapata moto badala ya kupoa. Kwa hiyo mitambo huipoza kwanza, mara nyingi kwa nitrojeni ya kimiminika. Halafu molekuli zake ziko za aina mbili, na zikigeuka kwenda aina ya baridi zinatoa joto kubwa kuliko linalohitajika kuichemsha yote! Usipoweka mapema kichocheo cha kuzigeuza, tangi linajichemsha lenyewe. Mitambo ya sasa hula zaidi ya kilowati-saa 10 kwa kilo, na kilo hiyo ina kama 33 tu. Sumaku inatafutiwa kazi hapo mwishoni, kutoka kwenye baridi ya nitrojeni kushuka, ambako kompresa huchoka sana.

Ila tusidanganyane. Tesla 5 au 7 hazitoki kwenye sumaku ya kawaida. Zinatoka kwenye koili zisizo na ukinzani wa umeme, na koili hizo nazo lazima zipozwe.

Fundi Kompresa:
Kwa hiyo heli inasukumwa na pampu, na kuna valvu?

Koili Tatu:
Zipo, na zinavuja.

Fundi Kompresa:
Basi spana siuzi.