Mnachaguaje programu ya habari isiyoegemea upande?

Mwalimu wa Likoni
Hamjambo wenzangu. Baba yangu macho yamedhoofika, kwa hivyo mimi ndiye humsomea habari kwenye simu. Nina programu tatu: mbili ni za vyombo vya hapa Kenya, ya tatu hukusanya habari kutoka kila mahali. Mkutano mmoja wa siasa, ya kwanza yasema umati ulifurika, ya pili imeutupa chini ya habari za mpira, na ya tatu haina habari hiyo kabisa, imejaa mwanasiasa yule yule niliyemsoma wiki nzima. Baba huniuliza, "Sasa mwanangu, tushike ipi?" Kwenye uchaguzi wa rais wa Agosti 2022 aliona televisheni moja ikimweka Raila mbele na nyingine Ruto, saa ile ile, na tangu hapo haamini chombo chochote. Nasikia kuna programu za ng'ambo zinazobandika kila chombo alama, huyu wa kushoto, huyu wa kulia. Zinafaa kwa siasa zetu?

Zamu ya Usiku
Dada mwalimu, nisalimie mzee. Nimefanya kazi dawati la mtandao la chombo kimoja Nairobi, nikipanga ukurasa wa mbele wa programu na kutuma arifa.

Nianze na 2022, maana mzee anastahili jibu. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka wazi fomu 34A, yaani za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000, na kila chombo kikajumlisha kivyake. Ukianza na fomu za Nyanza, Raila anaongoza. Ukianza na za Mlima Kenya, Ruto. Matokeo yaliyotangazwa Agosti 15 katika ukumbi wa Bomas yalikuwa Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85, kwa hivyo mpangilio wa fomu peke yake ulitosha kumbadilisha aliye mbele. Kilichoniuma ni kwamba watazamaji hawakuelezwa vya kutosha fomu zinajumlishwa kwa mpangilio gani, kisha hesabu zikapungua kasi kabla ya kufika mwisho. Mtu akiachwa hivyo atasema chombo kimenunuliwa, na simlaumu.

Upendeleo wa kila siku mimi niliuona kwenye arifa. Habari ni nyingi, arifa ni chache, na anayezichagua ni mtu mmoja aliye zamu. Hakuna aliyenipigia simu kuniagiza. Nilijua tu mwenye chombo ni nani na matangazo mengi yanalipiwa na nani, basi kidole kinasita chenyewe. Serikali ni mtangazaji mkubwa mno hapa kwetu. Machi 2024 taasisi zake ziliagizwa zipeleke matangazo yao ya redio na televisheni KBC pekee, shirika la utangazaji la serikali. Fikiria mhariri wa kituo binafsi alivyolala usiku huo.

Zile alama za kushoto na kulia ziache. Zimeshonwa kwa siasa za Marekani. Hapa upande ni watu, na watu huhama: Machi 2018 Uhuru na Raila walipeana mkono, Machi 2025 ikawa Ruto na Raila wakitia saini pale KICC. Afadhali ujue umiliki. Mediamax, wenye K24, wamekuwa wakihusishwa na familia ya Kenyatta. Standard na familia ya Moi.

Na ile ya tatu haimpendelei mwanasiasa yeyote, inakupendelea wewe: inafuata unachobonyeza. Futa historia yako ya usomaji. Kama ni Google News, fungua ile sehemu inayoweka vyombo vingi pamoja juu ya tukio moja. Hiyo haipangwi kwa kumwangalia msomaji.

Mnyakyusa wa Tukuyu
Shikamoo yake mzee. Mkuu hapo juu kaeleza vizuri, ila kwetu Tanzania usihesabu kilichoandikwa tu. Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huku, ilisimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa siku 30, kisa video ya katuni kuhusu watu waliopotea. Magazeti yaliendelea kuchapwa, mtandaoni kimya. Baada ya hapo mhariri mwingine akiikwepa habari, utasema kapendelea? Mimi nasema kaogopa, na msomaji akosaye kujua tofauti hiyo atawachukia waandishi bure.

Ripota Kisumu
Zamu ya Usiku, hilo la wamiliki umelitia uzito kupita kiasi. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilipoagiza vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, waliozimiwa mitambo ni NTV, KTN na K24. KTN ni ya Standard, K24 ni ya Mediamax, hao hao uliowataja! Walikuwa hewani mpaka walipokatwa, na Mahakama Kuu ikasitisha agizo lile.

Mwalimu, tazama jina la mwandishi chini ya kichwa cha habari. Kwenye programu moja utamkuta aliyefika uwanjani akahesabu mabasi, na aliyenakili taarifa ya chama neno kwa neno. Mfuate yule wa kwanza hata akihamia chombo kingine. Na mbunge akidaiwa kusema jambo bungeni, Hansard, kumbukumbu rasmi ya yaliyosemwa humo, iko kwenye tovuti ya Bunge. Msomee mzee maneno yenyewe.