Tupeane uzoefu: Siku usiyoisahau Shamba la Bibi au Kwa Mkapa

Wakuu, habari zenu.

Juzi nimepita Temeke na mwanangu wa miaka tisa. Akaniuliza ule Uwanja wa Uhuru ni wa timu gani. Nikamwambia si wa timu, ni wa serikali, na huu mkubwa wa pembeni yake, wa Benjamin Mkapa, vilevile. Akanitazama: "Kumbe Yanga haina kwake?" Swali hilo limenikaa moyoni, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Uhuru ndiyo Taifa ya zamani, Shamba la Bibi. Pale ndipo bendera yetu ilipopandishwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Mimi nimekulia Chang'ombe. Tukikosa kiingilio tulikaa barazani kusikiliza uwanja. Kelele zikilipuka tunajua goli limeingia, ila la nani? Basi tunakimbilia barabarani kungoja watu watoke, tuone kama wanaoimba wamevaa kijani na njano au nyekundu. Siku baba aliponiingiza mzunguko, majukwaa ya kiingilio cha chini, kwa mara ya kwanza, alinibeba begani. Mechi yenyewe siikumbuki hata kidogo. Nakumbuka nyasi, sikuwahi kuona kijani kipana namna ile.

Karibuni, wa pande zote mbili, Simba na Yanga.

Mnyama Mkongwe:
Mimi ni 1993, fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella Abidjan. Kwao tulishatoa sare ya 0-0, kwa hiyo jijini kila mtu alishabeba kombe kichwani. Mimi na kaka yangu tulifika Taifa asubuhi. Tukafungwa 2-0, nyumbani. Tulirudi Magomeni kwa miguu na hakuna aliyefungua mdomo njia nzima.

Kaka alifariki kabla Simba haijarudi fainali ya Afrika. Imerudi 2025, Kombe la Shirikisho, na Berkane. Nikasema nitakwenda na shati lake jekundu nikakae Kwa Mkapa kwa niaba yake. Mechi ya nyumbani ikahamishiwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya nyasi za Mkapa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sisi ni wapangaji. Nilipanda boti na lile shati. Tulishafungwa 2-0 kule Morocco, tukatoka 1-1, kombe likaenda. Bado nalitunza.

Jirani wa Jangwani:
Mkuu, mwambie mwanao Yanga ina kwake. Uwanja wa Kaunda upo, pale klabuni Jangwani, umepewa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Utoto wangu wote niliona mazoezi pale bila kulipa hata senti. Unamwona mchezaji karibu kiasi cha kumsikia akihema. Tatizo ni bonde la Mto Msimbazi: masika yakishuka maji hayaulizi, yanaingia. Ukienda baada ya mafuriko unakuta tope mahali ulipomwona straika wako anafunga. Inaniuma kuliko kufungwa na watani.

Binti wa Mbagala:
Oktoba 20, 2013. Hadi mapumziko Yanga wanaongoza 3-0. Mimi ni Simba, nikanyanyuka nikaondoka, sikutaka kuwaona wakicheza ngoma mbele yangu. Niko kwenye daladala, redio ya dereva ikasema moja, baadaye mbili, halafu 3-3. Abiria wanakumbatiana, mimi nalia. Tangu siku hiyo sijawahi kutoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho.

Mleta uzi:
Dada, nami nilikuwepo siku hiyo, upande wa pili. Kile kipindi cha pili sikitamani tena.

Jirani wa Jangwani, asante, Jumapili nampeleka akauone Kaunda.

Mnyama Mkongwe, pole sana, mkuu. Sisi tulionja mwaka 2023, fainali ya Shirikisho hiyohiyo. USM Alger walitufunga 2-1 Kwa Mkapa, tukaenda Algiers tukashinda 1-0, kombe likaondoka kwa magoli ya ugenini. Kwa hiyo siku ile ya Amaan nilikaa mbele ya runinga, mtani wako wa miaka yote, na filimbi ilipolia sikushangilia.