Nataka kuuza kipande cha uwani kabla ya Ijumaa, nishaurini

Mkadi wa Uwani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Fuoni, Unguja. Nyuma ya nyumba yetu kuna kipande cha futi 30 kwa 50. Hapo nina matuta ya mchicha na bamia, mwasumini mmoja, minazi miwili na banda la makuti ninalopikia. Alfajiri napika vitumbua na chapati za kuuza, mchana nashona kofia na nguo za watu. Ametokea mtu anakitaka kwa shilingi milioni 22. Pesa hizo nataka niongeze cherehani mbili na nitengeneze chumba cha mbele kiwe cha kushonea.

Masuali yangu: bei hiyo inafaa kwa Fuoni? Jiko nilihamishie wapi, maana nyumba itabaki haina uwa? Na bamia nilizopanda wiki mbili zilizopita zinahamishika? Mvua za masika zimetushika, usiku silali, nasikiliza maji tu yanavyopita kwenye makuti. Mnunuzi anataka jawabu Ijumaa. Naomba msaada wenu.

Karafuu Kavu
Waalaykum salaam. Nakujibu la bamia. Bamia halipendi kuhamishwa, mzizi wake unakwenda chini moja kwa moja na ukikatika mche unanyongea. Ukitaka bamia pahala pengine panda mbegu upya, uziroweke usiku mmoja kwanza. Mchicha sawa, unahamishika ukiwa mdogo. Mwaka jana huku Konde, Pemba, nilipanda mchicha bondeni, ukaja mvua wa siku nne, nikakuta majani yote yamelala kwenye tope kama nywele zilizolowa. Tangu siku hiyo nainua matuta mpaka yafike gotini.

Pweza Mkavu
Jiko likiondoka na vitumbua vinaondoka? Hilo ndilo suala kubwa hapa jamani. Bi Mkadi tuelekeze nyumba, tuje tule kabla ya Ijumaa.

Bi Seredani
Mwanangu, usijaribu kuingiza jiko ndani. Mimi nilipobanwa na ukuta wa jirani nilihamisha seredani kwenye ukumbi. Miezi mitatu dari likawa jeusi, mapazia yakanuka moshi, mjukuu wangu akaanza kukohoa. Nikanunua jiko la gesi, lakini gesi ikipanda bei unarudi kwenye mkaa hutaki unataka. Na mkate wa mofa huoki kwenye gesi. Mwanamke bila uwa anaanika wapi? Anatwanga wapi? Anakaa wapi na wenziwe jioni? Sisi tulifunzwa kuwa uwa ndio nyumba, vyumba ni vya kulala tu. Vijana wa sasa mnauza uwa kisha mnalalamika nyumba zina joto.

Fundi Chokaa
Bei ya kiwanja haiulizwi hivyo dada. Gari inafika mpaka nyuma? Karo la choo liko upande gani? Mnunuzi atapita wapi, kwenye ubavu wa nyumba yako au ana njia yake? Na karatasi za kiwanja zina jina la nani?

Mkadi wa Uwani
Ahsanteni nyote. Bi Seredani umeniingiza wasiwasi wa jiko. Fundi, gari inafika kwa njia ya nyuma, karo liko mbele. Karatasi zipo, zimehifadhiwa vizuri. Nilikuwa naomba tuzungumze la bei na la jiko kwanza kwa sababu siku zinakwenda.

Fundi Chokaa
"Zimehifadhiwa" si jina la mtu.

Kaka wa Konde
Hapo Fundi umegusa. Babu yetu alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964. Alipofariki, ami mmoja akauza upande wa barabarani peke yake, kwa siri. Wenzake wakaja kujua walipoona matofali yameshushwa. Kesi imekwenda miaka, watu wamezeeka nayo, mashahidi wamekufa. Mpaka leo tukikutana msibani, hawa wanakaa upande huu na wale upande ule. Na ile minazi ilikuwa ya bibi, aliipanda yeye kwa mkono wake. Kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, basi mnunuzi kanunua ardhi, akakuta watu wanakuja kuangua nazi kila baada ya miezi. Mimi karafuu nachuma kila msimu lakini lile shamba silikanyagi.

Mwana wa Shehia
Dada Mkadi, nakuuliza kwa wema na wala sitaki kukuaibisha. Kiwanja ni cha nani?

Mkadi wa Uwani
Haya, nasema. Kiwanja ni cha marehemu baba. Alifariki mwaka juzi, Allah amrehemu. Mirathi bado haijagawiwa. Mama yupo, niko naye humu ndani. Kaka yetu yupo Muscat, dada yetu kaolewa Wete. Hatuna wengine.

Lakini naomba mnielewe. Mimi ndiye niliyebaki. Baba alipougua miezi minane mimi ndiye niliyemgeuza kitandani, nikampikia uji, nikamfulia. Aliniambia mara nyingi, "Uwa huu ni wako, wewe ndiye unayeupenda." Kaka anatuma pesa Ramadhani na Sikukuu, basi. Hizi cherehani si za anasa, nimepata kazi ya kushona nguo za skuli na mashine yangu moja ya miguu haiwezi.

Na jengine nilikuwa sijalisema. Nimeshapokea arubuni milioni 3. Milioni 2 nimeshazilipa kwenye cherehani. Kwa hivyo sikuja kuuliza kama niuze, nimekuja kuuliza namna ya kuuza vizuri.

Mwana wa Shehia
Kumbe. Basi dada sikiliza, maana hili si dogo.

Kwanza la baba yako. Kusema "ni wako" peke yake hakutoshi kuwa hiba, yaani zawadi ya mali. Hiba inataka mtoaji atoe akiwa hai, mpokeaji akubali, na akabidhiwe kweli. Kama palikuwa na mashahidi na makabidhiano, lete. Kama hapakuwa, na tena kauli imetoka kitandani mwa maradhi, kipande kimo kwenye mirathi.

Pili, mafungu. Baada ya madeni na wasia, mama yenu anapata thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki mwanamme anachukua sehemu mbili za mwanamke. Gawa mafungu 32: mama 4, kaka 14, dada 7, wewe 7. Unauza 32 ilhali una 7.

Tatu, ardhi ya Zanzibar kwa sheria ya 1992 ni mali ya umma, anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia. Uhamisho wake una taratibu. Barua ya mkono mnayoandikiana sebuleni haimpi mnunuzi kitu cha kusimamia. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mkagawiwe mirathi, kisha kila mtu auze chake au wakuachie kwa radhi zao.

Bi Seredani
Mama yako yumo ndani, wewe umepokea arubuni, na yeye hajui? Mwanangu. Mwanangu.

Mama wa Vitobo
Mimi nina dukuduku. Nimeshona kofia za vitobo zaidi ya miaka 30. Kofia ya vitobo ni ya mkono, sindano na uzi, haiingii kwenye cherehani. Huyu kasema anashona kofia, anataka cherehani. Alfajiri vitumbua, chapati, mchana kushona, katikati analima na anauguza mama. Saa ngapi hizo? Na suala lake la mwanzo kabisa lilikuwa bei ya Fuoni. Mimi nahisi huyu ni dalali, anatupima tumtajie bei. Hii hadithi ya baba imekuja alipobanwa.

Pweza Mkavu
Ndio maana hakutoa anwani ya vitumbua! Nilishangaa.

Kaka wa Konde
Kama ni dalali basi mimi nimeshamwaga siri zote za ukoo wetu bure.

Mkadi wa Uwani
Sikusema mama anaumwa, nimesema niko naye. Baba ndiye aliyeugua.

Bi Mama wa Vitobo, shikamoo. Cherehani ni ya nguo za skuli, kofia nashona kwa mkono usiku mama akishalala. Sasa hivi ninayo moja mapajani. Vitambaa viwili, kimoja juu ya chengine, mchoro nimechorewa na mama mwenyewe kwa sababu mkono wake haukosei duara. Natoboa tundu moja, nazungusha uzi kwenye mdomo wake, nakaza kidogo. Nikikaza sana kitambaa kinajikunja, nikilegeza tundu linafunga baada ya kufuliwa mara mbili. Niliianza Shaabani. Duara la juu limekwisha, ukanda wa pembeni bado zaidi ya nusu. Ni ya kaka. Aliniomba aivae akija Idi Kubwa.

Nimeandika hivyo nikasimama kidogo. Namshonea kofia kwa miezi huku namuuzia uwa.

Mama wa Vitobo
Marahaba mwanangu. Dalali hajui habari ya tundu kufunga. Nisamehe.

Fundi Chokaa
Basi tusipoteze wakati. Mtafute mnunuzi kabla ya Ijumaa, si Ijumaa. Mwambie ukweli kuwa mirathi haijagawiwa. Asishushe hata jiwe moja. Hiyo milioni 1 iliyobaki mrejeshee leo, na hizo 2 muandikiane mbele ya sheha wa mtaa wenu utazilipa kwa miezi mingapi. Duka la cherehani liulize kama wanapokea moja irudi.

Mkadi wa Uwani
Nimempigia dada Wete baada ya Isha. Nilidhani ataniuliza pesa. Aliniuliza, "Mama anajua?" Nikamwambia hajui. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema anakuja Jumatatu kwa boti ya Mkoani, tumwambie mama pamoja, kisha tumpigie kaka sote watatu.

Mnunuzi amekasirika, ana haki yake. Amechukua ile milioni 1, zile 2 amenipa muda wa kulipa mpaka Mfungo Tatu. Duka wamekubali kupokea cherehani moja, watakata kidogo.

Karafuu Kavu
Hizo bamia ziache papo hapo zilipo. Chimba mfereji upande wa chini ya tuta, kina cha kiganja, maji yatoke. Ni wiki mbili sasa, punguza zilizosongamana ubakishe mche mmoja kila mguu na nusu.