Matembezi ya pwani na watoto huko Ubelgiji wakati wa likizo ya Noeli

Mama wa Kamalondo (Lubumbashi)

Wapendwa ndugu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeishi Brussels ametualika kwake kwa likizo ya Noeli, na kwa neema ya Mungu viza zimetoka. Tutasafiri mimi na mume wangu, watoto wetu watatu wenye miaka 11, 7 na 3, pamoja na mama mkwe wangu, ambaye magoti humsumbua akitembea sana. Watoto hawajaona bahari hata siku moja. Maji makubwa wanayoyajua ni Ziwa Tshangalele tulipokwenda Kapolowe, na tangu waliposikia habari ya safari hii hawachoki kuniuliza kama ni kweli kwamba ng'ambo ya bahari haionekani.

Ningependa tutoke siku moja au mbili tukatembee kwa miguu kando ya bahari, familia nzima. Yaya anapinga: anasema Desemba si wakati wa pwani na kwamba nitawarudisha watoto na nimonia. Naomba ushauri wa wanaopajua. Tuanzie wapi, twende umbali gani, na tuvae nini ili hata bibi yao asibaki nyumbani?

Mwana wa Likasi (Brugge)

Mama, nendeni bila hofu. Mimi naipenda pwani ya huku wakati wa Desemba kuliko Julai, kwa sababu Julai watu hujazana hata mtoto akakosa mahali pa kukimbilia, na Desemba ufuo wote unakuwa wenu.

Pwani ya Ubelgiji ni fupi: ni kilomita 67 tu, kutoka De Panne kwenye mpaka wa Ufaransa hadi Knokke karibu na Uholanzi, na tramu moja (treni ndogo ya umeme) huipita yote mwanzo hadi mwisho. Tramu hiyo ndiyo itakayowaokoa. Hamlazimiki kurudi kwa njia mliyoendea. Mtoto akichoka au mvua ikianza, mnatafuta kituo kilicho karibu na kupanda. Kutoka Brussels treni huwafikisha Oostende kwa saa moja na robo hivi, na tramu mnaipata hapo hapo nje ya stesheni.

Baridi yenyewe si kali kama yaya anavyoiogopa. Mchana wa Desemba kando ya bahari mara nyingi huwa nyuzi 5 hadi 8, na sisi tuliokulia Katanga tunazijua alfajiri za Juni ambazo watu huota moto wa makaa. Kinachoumiza huku ni upepo. Mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi, kwa hiyo pandeni tramu kwanza kuelekea upande unakotoka upepo, mshuke, kisha mtembee ukiwasukuma mgongoni. Upepo ukiwapiga watoto usoni, baada ya nusu saa watalia wote, na hapo yaya wako atakuwa ameshinda.

Jambo la pili ni mwanga. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama karibu saa kumi na moja kasorobo jioni. Sisi tumezoea siku ambazo urefu wake haubadiliki sana mwaka mzima, ndiyo maana wageni wengi kutoka nyumbani hushangaa giza likiwakuta njiani. Anzeni saa tano asubuhi, na kufikia saa tisa alasiri muwe mmekwisha kuketi mahali penye joto.

La tatu, nalo ndilo ninalokuomba ulizingatie kuliko yote, ni kujaa na kupwa kwa maji, kwa kuwa ziwani hatulijui. Bahari ya Kaskazini hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na kidogo, na tofauti ya kimo ni kama mita 4. Ufuo ni tambarare, hivyo maji yakipwa huacha mchanga mpana ajabu, uliolowa na kushikamana, ambao hata bibi anaweza kuutembea kwa raha. Yakijaa, mnabaki na ukanda wa mchanga mkavu unaozamisha miguu, na kilomita moja inakuwa kazi. Saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo usitumie ratiba ya jana. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo maji hujaa zaidi. Tokeni saa mbili hivi kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, na mtakuwa na nafasi ya kutosha.

Utaona pia kuta za mawe zinazotoka ufuoni na kuingia baharini. Watoto wote hutaka kuzipanda. Usiwaruhusu hata kidogo: zimefunikwa na mwani wa kijani unaoteleza kama sabuni, na mawimbi hupiga pande zote mbili. Wakimwona sili (mnyama wa baharini mwenye mapezi) amelala mchangani, jambo ambalo hutokea huku Oostende na Nieuwpoort, wasimame mita 30 hivi kutoka kwake. Huwa amekuja kupumzika, hajakwama.

Kwa siku ya kwanza ningechagua De Haan hadi Wenduine. Ni kilomita 4 au 5, njia ni tambarare, na nyuma ya ufuo kuna msitu juu ya vilima vya mchanga ambamo mnaweza kujificha upepo ukizidi. De Haan ni mji mdogo wa nyumba nyeupe za zamani. Albert Einstein aliishi hapo miezi kadhaa mwaka 1933, baada ya kuikimbia Ujerumani ya Hitler, na huyo wa miaka 11 huenda akapenda kulijua hilo.

Mama Mapacha (Gent)

Kuhusu mavazi nitasema machache. Msinunue koti moja nene sana; vaeni nguo nyepesi tatu au nne, moja juu ya nyingine, na ya nje kabisa iwe isiyopitisha upepo wala maji. Kofia ya kufunika masikio na glavu ni za lazima. Viatu vya mpira vya watoto mnaweza kuvipata hata huko Lubumbashi, kwenye soko la mtaa wa Kenya, kwa bei nafuu kuliko huku, ila viwe vikubwa kidogo ili soksi mbili ziingie. Bebeni soksi za akiba kwa kila mtoto, kwa sababu hata mkiwakataza watakanyaga maji, na chupa ya chai ya moto yenye sukari.

Mwalimu wa Historia (Lubumbashi)

Mama, mkitembea Oostende, na naamini mtapita huko, ombi langu ni moja: msipite kimya mbele ya sanamu ya Leopold wa Pili, mfalme wa zamani wa Ubelgiji.

Iko juu kwenye barabara ya kando ya bahari, karibu na mabaraza marefu yenye nguzo, ya karibu mita 400, yaliyojengwa kwa amri yake kati ya 1902 na 1906, wakati Kongo ilikuwa bado mali yake binafsi. Sanamu iliwekwa mwaka 1931. Mfalme amepanda farasi. Chini yake upande mmoja wamesimama wavuvi wa Oostende, na upande mwingine Wakongomani wanaomshukuru kwa kuwakomboa kutoka utumwani. Tazameni mikono. Mmoja wa Wakongomani hao hana mkono: mwaka 2004 wanaharakati waliukata ili kukumbusha mikono iliyokatwa kwetu wakati watu walipolazimishwa kugema mpira wa porini.

Najua ni likizo, na sishauri kumsimulia mtoto wa miaka 3 mambo hayo. Lakini wa miaka 11 ana haki ya kuyasikia kutoka kwa mama yake na bibi yake, akiwa amesimama pale pale, kabla hajayasikia nusu nusu kwa wengine. Mwambieni pia kwamba Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika hapa Lubumbashi na kuzungumza katika Chuo Kikuu chetu, na kwamba miaka miwili kabla, katika barua kwa Rais Tshisekedi, alieleza majuto yake kwa ukatili wa enzi zile. Mtoto akiyajua yote mawili atauliza maswali mazuri.

Mama wa Kamalondo (Lubumbashi)

Nawashukuru nyote kwa moyo wote. Mwalimu, nimekuelewa, na mume wangu amesema yeye mwenyewe atamweleza kijana wetu. Mwana wa Likasi, nina maswali mawili yaliyobaki. Kigari cha mtoto kitapita mchangani? Na bibi, ambaye hawezi kilomita 4, tumfanyeje siku ya De Haan?

Mwana wa Likasi (Brugge)

Kigari hakitapita kwenye mchanga mkavu, magurudumu huzama; mdogo abebwe mgongoni kwa kitenge chini ya koti kubwa, mtapata joto wote wawili. Siku ya De Haan mama mkwe atembee nanyi robo saa ufuoni, aone bahari, kisha mmoja wenu amsindikize kwa tramu hadi Wenduine akawasubiri kwenye mkahawa.

Siku ya Oostende iwe yake. Shukeni Mariakerke na mfuate barabara ya kando ya bahari hadi mjini, kama kilomita 3, sakafu ngumu njia nzima, mabenchi kila mahali, na hapo kigari kitapita vizuri. Mtakutana na sanamu aliyoitaja Mwalimu kabla ya kufika katikati ya mji. Mkiwahi asubuhi, anzieni upande wa bandari, kwenye soko dogo la samaki ambako wake wa wavuvi huuza kamba wadogo wa kijivu waliochemshwa melini. Unamshika kichwa na mkia, unamzungusha kidogo, unavuta, ganda linatoka. Nunueni mfuko mmoja na mumpe bibi: mama aliyezoea kuparua samaki wa Kasenga atawafundisha wajukuu kazi hiyo kabla tramu haijafika.