Tusomeje riwaya ili tujifunze kuziandika?

Mwandishi Mchanga
Ndugu zangu, ninaandika riwaya yangu ya kwanza, na watu wawili niliowapa mswada wamenipa maoni yanayofanana: wahusika wangu hawazungumzi, wanahutubia. Nimeshauriwa nisome riwaya nyingi zaidi, lakini kusoma nasoma tangu shuleni, na kila riwaya ninayoipenda huzama katika kisa chake hadi mwisho bila kuona kilichoniteka. Mwandishi anaposoma kwa nia ya kujifunza ufundi, hutazama nini hasa?

Mwalimu Mstaafu
Kwa kuwa tatizo lako ni hotuba, anza na riwaya iliyojaa hotuba. Katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria, na sehemu kubwa ya kitabu ni utetezi wake barazani. Kitabu cha namna hiyo kilipaswa kumchosha msomaji mapema, lakini kinasomeka hadi leo. Karama hasemi ili atufundishe sisi. Anasema ili ajiokoe, na mshtaki wake yupo palepale akimsikiliza. Tena hatoi hoja tupu. Kila anapotaka kuonyesha dhuluma ya watawala, humsimulia mjumbe mmoja aliyetumwa mbali kwa manufaa ya nchi, akataabika huko, akarudi na mambo ya faida, akaishia kifungoni. Wajumbe ni sita na hoja ni ileile, lakini msomaji akiwa anafuata safari, hoja humwingia bila kubisha hodi. (Sikatai kwamba kufikia mjumbe wa tano mtindo huo umeshazoeleka, hilo nalo lina somo lake.)

Basi chukua hotuba ndefu kuliko zote katika mswada wako, ujiulize mhusika atapata hasara gani akinyamaza.

Msomaji wa Mombasa
Nakubaliana na Mwalimu, ila nisingependa tuishie kwenye hotuba. Mimi riwaya nzuri huisoma mara mbili, na mara ya pili hutafuta nani anajua nini, na msomaji ameambiwa lini. *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996) inafaa sana kwa zoezi hilo. Kongowea Mswahili anajisimulia mwenyewe, tangu utoto wake Tanga na kufiwa na mama yake, hadi safari ya kwenda Kenya kumtafuta baba. Wakati anaposimulia, safari imekwisha na majibu anayo, na angeweza kuyatoa katika ukurasa wa kwanza. Hayatoi. Anatupa kile alichokijua siku ile, nasi tunahangaika pamoja naye. Sisi tunaojifunza hufanya kinyume: mhusika anaingia mlangoni akiwa na wasifu wake wote mkononi, kama mtu anayeomba kazi.

Mhariri
Niongeze jambo lisiloonekana upesi, nalo ni viambishi vya wakati. Fungua ukurasa wowote wa *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi (1999), upigie mstari kila *-ka-*, kisha utazame zinapofuatana na zinapokoma. Tuseme wewe umeandika: “Aliingia, akaketi, akamtazama baba yake, akasema.” Matendo manne yamepita mbio na jicho halikupata pa kutua. Sasa andika: “Aliingia akaketi. Baba yake alikuwa akimenya chungwa, na hakuinua uso.” Mwendo umetulia, na ugomvi wa nyumba hiyo umeonekana kabla hajasema mtu. Huenda hotuba iliyokuwa ifuate hapo haihitajiki tena.

Mwandishi Mchanga
Ahsanteni sana. Mwalimu, niruhusu swali la nyongeza: anayehutubia akiwa msimulizi mwenyewe, wala si mhusika, kipimo ni kilekile?

Mwalimu Mstaafu
Hapo kipimo ni kikali zaidi, kwa sababu msimulizi asiyeshiriki katika kisa hana cha kupoteza. Shaaban Robert mwenyewe hakusita kutoa mafunzo waziwazi, lakini alikuwa mshairi, na sentensi zake zina mizani inayombeba msomaji hata pale kisa kinaposimama. Kwa riwaya ya kwanza nisingekushauri uijaribu njia hiyo. Mtafute mhusika mwenye sababu ya kuyasema maneno hayo, na mwingine mwenye sababu ya kutotaka kuyasikia.