Wakuu, Honda CG 125 ya mzee inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Nifanyeje?

Mwana wa Isevya: Mwangaluka wakuu. Nina Honda CG 125 ya zamani, niliachiwa na mzee. Ikifika 60 inatetemeka mpaka vioo vya pembeni havionyeshi kitu. Nikitoka Tabora mjini kwenda Sikonge, kama kilomita 70, nikishuka vidole havina hisia, hata funguo inanishinda kushika. Spoki zimekazwa, tairi la nyuma jipya, cheni mpya. Fundi anasema tukate raba ya tairi la lori tuiweke kati ya injini na fremu. Advansi nimeshampa. Naomba kujua tu: raba ipi inafaa, ya tairi au ya mkanda wa mashine?

Asali Mbichi: Pole mkuu. Mimi nilikuwa nasomba asali kutoka Ipole kwa pikipiki ya namna hiyo, ndoo mbili nyuma. Nilivaa glavu nene na kuzungushia mpira wa baiskeli pale pa kushika kwenye usukani. Asali ilifika na povu juu, wateja wananiuliza nimeikoroga na nini. Siku hizi napakia kwenye basi.

Spana 14: Raba baadaye. Ukiwa kwenye 60 bana klachi, achia mafuta, iache iserereke. Mtetemo ukikata, ni injini au vinavyoishikilia. Ukibaki na kupungua pamoja na mwendo, ni magurudumu: rimu imepinda, beringi imekwisha, tairi halijakaa.

Mwana wa Isevya: Nimejaribu. Nikibana klachi inatulia. Hata ikiwa imesimama, nikivuta mafuta inatetemeka. Ni injini, ndiyo maana nauliza raba.

Spana 14: Injini ya CG 125 ni silinda moja na haina shafti ya kusawazisha, kwa hiyo kutetemeka kidogo ni kawaida yake. Kufa ganzi siyo. Kuna kitu kimebadilishwa?

Mwana wa Isevya: Hakuna cha maana. Injini nzima kabisa, asubuhi nabonyeza starta mara moja inawaka.

Nesi wa Zamu: Ndugu yangu, ganzi usiizoee. Mtetemo wa muda mrefu unaumiza mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole. Mwanzoni inakuja na kuondoka, baadaye vidole vinageuka vyeupe ukipigwa na baridi, na ikikomaa hairudi nyuma. Vijana mnajali chombo kuliko mwili. Nenda kapimwe.

Mzee wa Stesheni: Hii chai. CG za zamani ninazozijua mimi zinawashwa kwa kiki. Hiyo ya kitufe mzee wako aliitoa wapi? Ama huna pikipiki, ama unataka kuiuza na raba ni ya kumficha mnunuzi mtetemo.

Asali Mbichi: Kweli aisee. Na mimi nishauziwa hivyo, nilipofika nyumbani ndipo ilipoanza kuongea.

Mwana wa Isevya: Siuzi, wazee wangu! Fremu ni ya CG, ya mzee kweli. Injini ni ya Kichina, ya cc 200, imetoka kwenye pikipiki iliyopata ajali. Ile ya kwanza ilikuwa inakula oili. Matundu ya bolti ya mbele hayakukutana na ya fremu, fundi akachomelea vibao viwili. Sikusema kwa sababu nikisema tu, watu wanaacha swali wananishambulia. Inabeba magunia bila shida na sirudishi ile ya zamani.

Mzee wa Stesheni: Na kadi inasema injini namba ngapi? Ukisimamishwa na trafiki utajibu nini? Injini ya ajali ina mwenyewe, kijana.

Nesi wa Zamu: Una hati ya kuinunua?

Mwana wa Isevya: Hati ipo, nimeandikishiana na mwenyewe. Turudi kwenye mtetemo jamani.

Spana 14: Sasa tumeelewana. Pistoni ya 200 ni nzito kuliko ile fremu ilivyotarajia, na vibao vya kuchomelea visipokaa sawa ukikaza bolti unaivuta injini kwa nguvu. Legeza bolti zote za injini, iache ijikalie yenyewe, halafu kaza kidogo kidogo kwa zamu. Tundu likigoma kukutana, kibao kikatwe kichomelewe upya. Kagua weldi, ukiona ufa hata kama unywele, usiipande. Kama fremu ina kibao cha juu cha kushika kichwa cha injini, kirudishwe. Raba inafaa kwa fremu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Kwako injini itacheza, sproketi ya mbele itatoka kwenye mstari na ya nyuma, cheni iruke ukiwa na gunia.

Mwana wa Isevya: Weldi nitaikagua kesho. Ila raba imeshakatwa. Tukiweka nyembamba, ya mkanda?

Spana 14: Hata nyembamba. Tuma picha ya hivyo vibao kwanza, pande zote mbili.